Tupeane uzoefu: Siku ya Mazingira ikishapita, kinabaki nini mtaani kwenu?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Assalam alaykum jamani. Tarehe 5 Juni imepita tena, mabango yameshuka. Siku hii iliamuliwa mwaka 1972 baada ya mkutano wa Stockholm, ikaanza kuadhimishwa muda si mrefu baadaye, na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, makao yake ni hapa hapa Kenya, Gigiri. Basi sisi hatuna udhuru wa kusema hatukusikia. Ninalotaka kujua ni hili: ulichokifanya Juni, ulikiona Disemba? Kama kilikuwepo, tuambie kilisimama kwa nguvu ya nani. Kama hakikuwepo, tuambie kilikwenda wapi. Mahubiri tumeshayasikia yote.

Naanza na yangu. Mwaka juzi tulisafisha pwani kuanzia jeti kubwa hadi Wiyoni. Ilikuwa bamvua, saa tatu asubuhi maji yako mbali, watu wamejaa, wanafunzi, mabaharia, kina mama. Viroba tulivihesabu, 62. Tukavipanga chini ya ngazi za pwani tukaambiwa trekta litakuja adhuhuri kuvibeba. Mgeni rasmi akahutubu, tukapigwa picha, tukagaiwa fulana na mahamri, kila mtu akashika njia ya kwao.

Trekta halikuja. Kuelekea Alasiri maji yakapanda, na viroba vikaanza kuelea kimoja kimoja kama mabata. Mimi na jamaa mmoja tulikunja vikoi tukaokoa kama 15. Vilivyobaki vilifunguka. Siku ya tatu nikaokota ndala ambayo nilikwisha kuiokota. Naijua kabisa: ya mtoto, ya mguu wa kushoto, kamba yake imezuiwa kwa msumari upande wa chini.

Fulana ninayo. Nafutia injini ya boti.

Trekta silaumu peke yake. Tulikuwa na kamati ya mapokezi, kamati ya chakula, kamati ya fulana. Wa kusimamia zile taka baada ya adhuhuri hakuwepo hata mmoja. Haya, nanyi.

Ustadha wa Mkomani

Wa alaykum salaam kaka. Mimi ni mwalimu, na mambo ya miche nayajua kwa uchungu. Tulipanda miarobaini 30 uwanjani, kila darasa na yake, vibao vya majina juu. Juni ardhi bado ina unyevu wa masika, kila kitu kikasimama. Agosti tukafunga shule. Januari kaskazi imevuma, jua la kichwani, na wewe wajua maji ya mji huu yanatoka visima vya Shela na hayatoshi. Utamwambia mtoto amwagie mti na mamake hana ya kupikia?

Ilisalia 4. Yote minne ilikuwa mahali pamoja, kando ya kijifereji kinachotoa maji ya udhu. Hakuna aliyekusudia. Watoto wanatawadha mara kadhaa kwa siku, maji yanapita, mti unakunywa.

Mwaka uliofuata nilipanda 6 tu, kwenye mfereji huo huo. Waliokuja kupiga picha walinung'unika kwamba ni michache, haijazi picha.

Pweza Mkavu

Uzi mzuri, lakini hamjaitaja posho. Mimi nimehudhuria usafi wa pwani ambako tulipewa katoni za maji ya chupa za plastiki kwa ajili ya kuokota chupa za plastiki. Nikaenda nyuma ya hema: chupa zetu wenyewe zimelala mchangani, nyingine zina maji nusu. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, hizo ni za mwakani."

Mchomeka Mikoko (Matondoni)

Pweza, umenichekesha. Mimi nitaandika kirefu, mniwie radhi.

Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo 26 Julai, siku ya mikoko duniani, wageni hawapungui huku. Mwaka mmoja walitaka tupande saa nne asubuhi kwa sababu boti yao ilikuwa irudi Mokowe, upande wa bara, saa saba. Saa nne siku hiyo maji yalikuwa yamejaa. Bahari haipangiwi na barua ya mwaliko. Tukawapeleka upande wenye mchanga, panapofikika na viatu, tukachomeka 2,000 kwa muda wa saa moja hivi, kwa mashindano, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Wanawake walishinda.

Sasa sikilizeni. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu mtini, inaning'inia ndefu kama mkuki, ikiiva inadondoka na kujichoma topeni au inachukuliwa na maji hadi ipate tope. Kila aina ya mikoko ina cheo chake: mlilana hutangulia baharini, mkoko wenyewe hufuata, halafu muia na mkandaa, mchu unarudi nyuma penye chumvi nyingi, ingawa mchu mkaidi, mara nyingine utamkuta mbele kabisa. Kama mahali hapajaota mkoko kwa mkono wa Mungu, na mbegu zinapita hapo kila mwaka, ujue pana sababu. Sisi tulichomeka hapo hapo. Kufika Septemba kusi lilikuwa limekwisha kuusogeza mchanga, na kilichosimama kilikuwa kama vijiti vya mishikaki baada ya watu kula.

Kilichofanikiwa hakikuwa na siku. Kuna sehemu nyuma ya kijiji ilikatwa boriti na mazio, miti ya kujengea, tangu zamani, ikabaki wazi, kavu, ardhi nyeupe kwa chumvi. Ami yangu akasema mkondo wa maji umezibwa na mchanga. Tulikwenda watu saba na majembe, siku tisa kwa kuachana, tukaufungua. Hatukupanda kitu. Maji yakaanza kuingia na kutoka. Mwaka wa pili mkandaa ukaota wenyewe, leo unanifika kiunoni. Hakuna picha hata moja ya kazi ile, maana simu tuliziacha nyumbani zisiingie tope.

Kapteni Kioo (Malindi)

Ami yako apewe maua yake.

Mimi niko Malindi, naendesha boti ya kioo kuwaonyesha wageni matumbawe. Hifadhi yetu ya bahari ni ya tangu 1968, na siku za mazingira tumeadhimisha mpaka tumechoka. Nitasema kilichobadilisha boti yangu mimi: 5 Juni 2020, serikali ilipoanza kukataza plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi, fukwe na misitu yake. Tangazo lilitoka mwaka mmoja kabla, tarehe ikawekwa Siku ya Mazingira. Hotuba za siku hiyo sizikumbuki. Nakumbuka nilinunua mtungi wa maji na bilauri 12 za chuma, kwa sababu askari wa hifadhi alikuwa anafungua mikoba langoni. Mwanzo nilikasirika. Sasa bilauri ziko 9, tatu zimezama na moja nadhani samaki pono anaishi ndani.

Kwa hiyo siku inafaa ikifanywa mwisho wa muda uliowekwa: kuanzia leo, marufuku.

Mwana wa Langoni

Kapteni, ndiyo hata mifuko. Ile marufuku ya 28 Agosti 2017 haikuwa siku ya mazingira ya mtu yeyote. Ilikuja na faini hadi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4, na duka la pale kwetu likaanza kufunga sukari kwa gazeti siku ile ile.

Baba Punda

Hapo kwenye mifuko mnipishe. Mimi nina punda watatu wa kubeba matofali na saruji. Kabla ya 2017 nilikuwa nao wanne. Huyo wa nne, Mungu amrehemu kama punda hurehemewa, aliacha kula, tumbo likavimba kama pipa, siku ya tano akalala mtaani Gadeni hakuinuka. Alipopasuliwa alitolewa bonge la mifuko limesokotana, zito, mikono miwili hailibebi vizuri. Ukivuta mfuko mmoja unatoka na mwingine, na mwingine. Ndani yake niliona mfuko wa duka ninalonunua unga.

Siku ya kusafisha mji huwa naombwa punda wa kubeba viroba, bure, kwa ajili ya mazingira. Natoa. Tangu marufuku hali ni bora, hilo nashuhudia, lakini siku hizi nawakuta wanatafuna nepi za watoto, na nepi haijapigwa marufuku. Siku ya Nepi Duniani ipo?

Shungi la Pate

Baba Punda 😂

Ndugu zangu, msizike siku zote kaburi moja. Wangari Maathai alianza na 5 Juni 1977: miti saba, Kamukunji, Nairobi, kuadhimisha siku hii hii. Ndiyo mwanzo wa Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, na 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Na mingi ya ile saba ilikufa.

Pweza Mkavu

Shungi, sawa, lakini yeye 6 Juni aliamka akaenda kazini. Wetu tarehe 6 wanasubiri posho iingie kwenye simu.

Fundi Tezo

Mimi natoka upande wa mafundi wa majahazi. Mnakumbuka lile dau la rangi rangi, Flipflopi, alilolisimamia fundi Ali Skanda? Lilijengwa kwa tani 10 za plastiki na ndala kama 30,000, likashushwa majini Septemba 2018, na mwanzo wa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Wazee wa kazi walicheka: plastiki itashika msumari? Ikashika. Randa na patasi zile zile.

Nilichojifunza mimi si usafi. Ni kwamba chupa ikipata mnunuzi haifiki baharini. Mpwa wangu wa miaka 11 hakuwahi kuja siku ya usafi hata moja, lakini tangu alipojua chupa zinapimwa kwa kilo, chini ya kitanda chake hakuna nafasi. Mamake ndiye anataka siku ya kusafisha.

Mwana wa Langoni

Fundi, ndala yangu ya msumari ningekuletea, nimeitupa.

Bi Ustadha, ile miarobaini 4 bado ipo? Na 6 ya baadaye?

Ustadha wa Mkomani

Nimepita leo baada ya Alasiri makusudi kwa ajili yako. Ile 4 ipo, mikubwa, inatoa kivuli. Katika 6 nimeona 5. Wa sita siwezi kukwambia, maana pamefungwa punda na amekula mpaka shina.

Baba Punda

Huyo si wangu.

Ustadha wa Mkomani

Ana alama nyeupe sikioni.

Baba Punda

Nakuja kumfungua.