Stripu za kupimia sukari ya mtoto zimekataliwa dirishani: nani amepita hapa?

Mama Achieng, Njiro

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa haraka. Binti yangu wa miaka 11 ana sukari aina ya kwanza, tulihamia Arusha kwa kazi ya baba yake. Jana dirisha la bima wamepitisha insulini yake ya Mixtard na sindano, lakini stripu wamezipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Wanasema stripu ni vifaa, si dawa. Halafu kadi yake haiendelei mpaka DP (kibali cha mtegemezi cha uhamiaji) itoke, na DP iko mezani kwa watu tangu kabla ya Pasaka. Fomu ya daktari ninayo, ina muhuri. Swali langu ni hili: barua ya daktari wake wa Nairobi inakubalika huku, au lazima aandikiwe upya na daktari wa hapa? Stripu zilizobaki hazifiki wiki.

Baba Mutua, Sakina

Pole sana mama. Madirisha haya yametutesa wengi. Mimi kibali changu cha ukaazi cha daraja B, kile cha walioajiriwa, kilirudishwa kwa sababu pasipoti ina majina matatu na barua ya mwajiri ina mawili. Nimepanda ngazi zile mpaka askari wa getini akanizoea. Jaribu kupitia NHIF, ile bima ya afya ya serikali, nyumbani Kenya tulikuwa tunapata vitu vingi kwa NHIF.

Mwalimu, Moshi

Baba Mutua, usichanganye watu tafadhali. NHIF ya nyumbani haipo tena, tangu Oktoba 2024 ni SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. NHIF ya huku ni ya Tanzania na ina taratibu zake. Tena mama hajasema ni bima gani, huenda ni ya kampuni ya mumewe. Usimpange foleni isiyo yake.

Mama Achieng, mimi nina aina ya kwanza tangu kidato cha pili. Kumchoma mtoto insulini bila kupima ni kuendesha gari usiku bila taa. Mpigie daktari leo umwambie stripu zimebaki ngapi, mzipange pamoja. Mimi zikipungua, ya kabla ya sindano ya asubuhi na ya kabla ya sindano ya jioni siziachi, na nabakiza za dharura: siku ya kutetemeka, jasho la ghafla, homa au kutapika. Akiugua msimkatie insulini eti kwa sababu hali chakula. Akitapika mfululizo, akihema kwa nguvu, mdomo ukinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Dada wa Usa River

Nakazia, na kabla hujanunua za dukani angalia jina la mashine, maana stripu za mashine moja hazisomi kwenye nyingine. Angalia na kipimo pia. Mashine ya kwanza ya mwanangu ilisoma mg/dL, jirani akaona 108 akaanza kulia. Gawanya kwa 18 upate mmol/L, kile kipimo kingine, ni 6 tu.

Baba Mutua, Sakina

Na umeme huu wa kukatika, insulini iwekeni kwenye friza ipate baridi ya akiba. Ya mama mkwe wangu nafanya hivyo.

Mwalimu, Moshi

HAPANA. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ni ya kutupa. Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Unayoitumia inakaa nje mahali pa baridi kwa wiki kadhaa, soma karatasi yake. Wasio na friji wanatumia chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, na kinafanya kazi. Ya mama mkwe itupe leo, umnunulie nyingine.

Baba Mutua, Sakina

Sawa mwalimu, si lazima herufi kubwa. Nimekuelewa, naitoa sasa hivi.

Mama Brayo, Kijenge

Mimi kinachoniuma ni huu undugu wa Afrika Mashariki unaoishia kwenye hotuba. Julai 2025 wametangaza biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kufanya, saluni ikiwemo, na saluni ndiyo ilikuwa inalipa dawa za mwanangu. Nimebaki na vioo ukutani. Nyumbani nako SHA watu wanalia. Tuende wapi? Siku nyingine natamani tu kukaa soko la Gikomba kule Nairobi nile githeri, nisikie makanga wakipiga kelele.

Mwalimu, Moshi

Pole mama Brayo, nakuelewa kabisa. Insulini ilimwokoa mgonjwa wa kwanza kule Toronto mwaka 1922, na waliogundua wakauza hataza kwa chuo kikuu kwa dola moja moja ili isiwe mali ya mtu mmoja. Miaka zaidi ya 100 baadaye mama anabishana na kalamu nyekundu. Inanikera mno.

Dada wa Usa River

Mama Achieng, Jumamosi mlete binti kwenye kikundi chetu, tunakaa saa nne baada ya kliniki. Wako watoto tisa, wenyeji na wageni. Mara ya mwisho kijana mmoja wa Tengeru alikuwa anamfundisha mwenzake kuviringisha kichupa cha Mixtard viganjani, polepole bila kukitikisa, mpaka weupe uwe sawa kote. Akamfunulia tumbo akamwonyesha mahali alipozoea kuchoma pakavimba, akamwambia, "Hamisha, hapa dawa haiingii vizuri." Mwanangu nilimwambia hivyo mwaka mzima, hakusikia. Kwa kijana yule alisikia siku hiyo hiyo. Aje na kitafunio na sukari yake ya akiba.

Mama Achieng, Njiro

Asanteni sana, Jumamosi tutakuja. Hajawahi kukutana na mtoto mwingine anayejichoma. Bado sijajua kuhusu barua ya Nairobi. Mashine yake ni Accu-Chek Active.

Mwalimu, Moshi

Ninayo hiyo hiyo. Nina kichupa kimoja hakijafunguliwa. Ijumaa nampa dereva wa basi la asubuhi, uwe stendi kuu kabla ya saa tano, nitakutumia namba ya gari.

Mama Brayo, Kijenge

Mwalimu, hiyo Ijumaa kuna anayetoka Taveta? Nina hamu ya omena.