Barua za Wacherokee za karne ya 19: nianzie wapi?

Mpekuzi
Wakuu, habari za muda huu. Naandaa tasnifu kuhusu Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, na kuhamishwa kwao kwa nguvu kutoka Georgia na majimbo jirani, mwaka 1838 hadi 1839. Kila ninapogusa namkuta John Ross: maombi yake kwa Bunge la Marekani, barua zake kwa wakubwa wa Washington. Zina uzito, sikatai. Lakini Ross alikuwa chifu mkuu tangu 1828 hadi anafariki 1866, na aliandika Kiingereza akijua fika nani atasoma. Mimi nawatafuta watu wa kawaida. Nasoma kwamba Sequoyah, Mcherokee mwenzao, alipokamilisha herufi zake za kuandikia Kicherokee mnamo 1821, watu walizishika upesi sana wakaanza kuandikiana. Barua hizo ziliishia wapi? Mwenye ufahamu anisaidie.

Mama Nyaraka
Karibu mwanangu. Nimefanya kazi kwenye hifadhi za nyaraka sehemu kubwa ya maisha yangu, na hizi unazouliza nazipenda kuliko nyingi nilizopata kusoma.

Anza na Inoli. Aliishi Wolftown, North Carolina, pamoja na Wacherokee waliobaki mashariki wakati wenzao wanapelekwa magharibi. Kiingereza hakukijua. Alikuwa diwani, kiongozi wa shule ya Jumapili, mganga, ofisa katika jeshi la Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mhubiri wa Methodisti, na mwisho akafa katika imani ya mababu zake. Mtu wa aina hiyo ndiye kila karatasi ya kijiji hupitia mikononi mwake. Miaka ya 1880 James Mooney, mtafiti wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Marekani, alizipata karatasi hizo kwa binti wa marehemu. Ndani yake mlikuwa na barua za jamaa waliokuwa magharibi, barua za askari walio vitani, kumbukumbu za baraza na za kanisa. Humo mna pia habari za gadugi, ule ujima wao wa kulimiana mashamba na kusaidiana kwenye shida. Leo zipo National Anthropological Archives, hifadhi ya hiyo hiyo Smithsonian, na miaka ya 1960 Jack na Anna Kilpatrick, mume na mke, wote Wacherokee, walitafsiri sehemu yake ikachapishwa.

Nataka ulione hili vizuri: kwenye karatasi hizi hakuna anayemsihi mzungu. Maombi ya Ross yanakuonyesha taifa likiwa mbele ya anayelinyang'anya ardhi. Karatasi za Wolftown zinakuonyesha watu wakiendesha mambo yao, kikao baada ya kikao, kwa maandishi yao wenyewe, mwongo mmoja au miwili tu baada ya serikali kutuma askari wawatoe. Ukiandika tasnifu bila upande huu, msomaji ataondoka akidhani walikuwa watu wa kulia tu. Hiyo itakuwa dhuluma nyingine juu ya ile ya kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Orodha za hifadhi hazikuandikwa na Wacherokee, kwa hiyo usitafute kwa jina moja. Inoli utamkuta kama Black Fox. Ross ni Guwisguwi. Stand Watie, kamanda Mcherokee wa jeshi la Kusini, ni Degataga, na kaka yake Elias Boudinot, mhariri wa kwanza wa gazeti la Cherokee Phoenix lililoanza New Echota, mji mkuu wa Wacherokee, Februari 1828, alizaliwa akiitwa Gallegina. Halafu usijifunze herufi kwa kutazama gazeti peke yake. Zile ni za chapa. Mwandiko wa barua kila mtu na wake.

Kwa aliye mbali, fungua DAILP, mradi wa nyaraka za kidijitali ulioko Northeastern University, Boston. Wanaweka picha ya waraka, maandishi yake na tafsiri, na wanaojua Kicherokee ndio wanaofanya kazi hiyo pamoja.

Kalamu Nzito
Naunga mkono, ila Mpekuzi usiwapuuze walioandika Kiingereza. Msome Sarah Watie, mke wa Stand Watie. Mwaka 1863 yuko Texas alikokimbilia kuepa vita, anasikia kwamba vijana wa kwao, mwanawe Saladin akiwemo, wamemuua mateka. Anamwandikia mumewe amweleze aliyeuawa ni nani na ilikuwaje, na awaambie wanawe wawe na huruma kama wanavyotaka Mungu awahurumie wao. Mumewe alikuwa kanali, na mwaka uliofuata akawa jenerali! Tena ni mke wa mmoja wa waliotia saini mkataba wa New Echota wa 1835 ulioiachia Marekani ardhi ya Wacherokee, mkataba uliofanya Boudinot auawe Juni 1839. Kama huyu si sauti ya mtu, sijui nani.

Mpekuzi
Shukrani sana Mama, na Kalamu pia. Kwa kuwa Inoli alikuwa mganga, maneno ya tiba nayo yamo humo humo? Naweza kuyanukuu?

Mama Nyaraka
Yamo, na Mooney mwenyewe aliyachapa mengine 1891. Mimi nakushauri uyaache. Hayo mwenyewe aliyaandika kwa ajili ya kazi yake, na Wacherokee wapo hadi leo, North Carolina na Oklahoma, wana mamlaka zao. Ukiona huwezi kuyakwepa, waandikie kwanza uwaulize. Barua na kumbukumbu za vikao zinakutosha kabisa kwa swali lako. Anza na za askari.