Wakuu, nikikosa mafunzo elekezi nitathibitishwa kazini?

Chaki_Mpya: Habari zenu wakuu. Ni ajira mpya, ualimu sekondari, halmashauri moja ya Kigoma. Nimesharipoti na kupewa vipindi vya Fizikia. Wiki ijayo tumeitwa mafunzo elekezi, nami sitaweza kwenda. Je, miezi 12 ya majaribio ikiisha watanithibitisha? Silali.

Mzee_wa_Kata: Hongera kijana. Zama zetu hakukuwa na elekezi. Nilishuka kwenye lori la mahindi, mkuu wa shule akanikabidhi boksi la chaki na kidato cha pili. Azimio la kazi nilifundishwa na mwalimu jirani, usiku, kwa kibatari.

Dada_Hesabu: Nenda mdogo wangu. Kule utaelezwa PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi), likizo, maadili, mambo ambayo chuo hakikukupa.

Nyuki_Mkali: Kwa nini huwezi kwenda?

Chaki_Mpya: Mambo ya familia.

Nyuki_Mkali: Yapi? Kama ni msiba au ugonjwa, si unaandika barua ya kuomba ruhusa?

Chaki_Mpya: Haya. Niko Dar tangu wiki iliyopita. Shule binafsi imenipa mkataba, wanalipa vizuri, nimeshaanza kufundisha. Ila ajira sijaacha, napima kwanza. Mke wangu ni mjamzito, msinihukumu.

Dada_Hesabu: Kumbe! Kukosekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni utoro, na adhabu yake ni kufukuzwa. Faili lako litafika Tume ya Utumishi wa Walimu, wewe unawaza kuthibitishwa.

Mama_Tatu: Wanao wa Fizikia umemwachia nani? Kuna waliomaliza ualimu tangu 2015 wanaendesha bodaboda, wanaililia nafasi hiyo unayoipima.

Fundi_Saa: Chai hii. Mwezi Machi, huyu huyu alijiita muuguzi humu, anaomba uhamisho.

Chaki_Mpya: Ule uzi ni wa mke wangu. Akaunti tunatumia wote.

Fundi_Saa: Nimeufukua. Anaomba kuhamia Kigoma amfuate mume. Yeye anakuja, wewe unatoka?

Chaki_Mpya: Sijamwambia bado.

Mzee_wa_Kata: Lahaula.

Chaki_Mpya: Nitampigia simu mkuu wa shule kesho, ni mwelewa.

Dada_Hesabu: Usipige simu. Panda basi, ukamwone ana kwa ana kabla ofisi ya elimu haijaulizia. Ukiona Dar ndiyo riziki yako, andika barua ya kuacha kazi, watoto wapangiwe mwalimu. Na mkeo mwambie leo, kabla uhamisho haujajibiwa.