Kobe na baridi ya kusi: friji, taa, mkeka wa umeme au sanduku?

Mwana wa Tudor
Asalaam aleikum wenzangu. Jirani amehama akaniachia kobe, ukubwa wa sahani ya wali, gamba la manjano lenye madoa meusi. Tangu kusi ianze kuvuma, asubuhi hatoki. Mchicha anaugusa saa nne, saa tano. Binamu yangu aliyeko Uingereza ananiambia kobe huyo anataka kulala usingizi wa baridi: nisimlishe wiki tatu, halafu nimtie ndani ya friji msimu upite. Mke wangu naye kasema friji hiyo ama yake ama ya kobe. Njia ninazoziona ni nne: friji, balbu ya joto, mkeka wa umeme, au sanduku la mbao. Mwanifunza nini?

Bint Kisauni
Friji itoe kwenye hesabu kwanza! Huyo kwa maelezo yako ni kobe wetu wa mbugani, na huyo halali miezi. Hana hiyo tabia. Ukimweka kwenye nyuzi 5 utamuua taratibu ukidhani amepumzika. Kuhakikisha, mtazame juu ya shingo pale ukingo wa gamba unapoanza. Wale wa Ulaya, Hermann na wenzake, wana kigamba kidogo chembamba katikati. Wetu hana, pana pengo tu.

Na kuchelewa kutoka asubuhi si ugonjwa. Hana joto lake mwenyewe, anangoja jua.

Nilirudi Nyumbani
Binamu asitukanwe, anasema ya kwao. Nilipokuwa Leicester nilifuga Hermann na friji niliitumia, ila ilikuwa friji ya kobe peke yake. Kule kobe hupunguziwa chakula polepole, kisha huachishwa kabisa wiki mbili tatu kabla, kwa sababu kilichobaki tumboni hakisagiki kwenye baridi, kinaoza. Maji hanyimwi: kila siku unamkalisha kwenye maji vuguvugu yasiyofika puani, anywe na ajisafishe tumbo. Ndani ya friji ni nyuzi 3 hadi 8, mlango unafunguliwa kila siku hewa ibadilike. Zikizidi 10 anaanza kuamka na kuchoma akiba yake, zikifika sifuri macho yanaweza kupofuka. Mizani ya jikoni lazima, na akipungua kama sehemu moja ya kumi ya uzito, anaamshwa. Na kobe mgonjwa au aliyekonda halazwi hata akiwa Hermann.

Sasa wewe wa Tudor, Julai usiku ni nyuzi 20 hivi. Baridi gani hiyo ya kumlaza mtu?

Fundi wa Changamwe
Mkeka wa umeme mimi siupendi. Joto la kobe hutoka juu, kama jua. Ngozi ya tumbo iko chini ya gamba nene, anaweza kuungua asihisi mapema. Balbu ya kauri isiyotoa mwanga ni bora: anapata joto, na usiku unabaki kuwa usiku. Hesabu yake: wati 60 kwa saa 10 ni uniti 0.6 kwa usiku, uniti 18 kwa mwezi. Tena isifungwe bila kidhibiti joto, na soketi iwe ya kauri, ya plastiki itayeyuka. Stima ikikatika saa nane za usiku umerudi pale pale.

Babu wa Mji wa Kale
Uniti 18 za nini, mwanangu? Kinachomsumbua kobe hapa pwani ni maji. Mvua za Mei zikinyesha sakafu ya saruji inabaki baridi na mbichi, naye kalala juu yake usiku kucha na upepo unampiga. Hapo ndipo kifua kinapoanza. Mjengee sanduku la mbao, liinuliwe kidogo na matofali, ndani majani makavu mengi mpaka ajizike, juu bati na makuti. Mlango uwe mdogo kiasi cha kupita yeye tu. Majani yakilowa yabadilishwe siku hiyo hiyo, si wiki ijayo.

Bint Kisauni
Naungana na Babu. Wale wakubwa wa Haller Park hapo Bamburi, ukoo wa yule Mzee aliyesuhubiana na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004, asili yao ni Aldabra, visiwa vya Ushelisheli, nao pia hawalali msimu mzima. Ila kwa mtoto wa kobe ningeongeza balbu, maana mdogo hupoa haraka.

Wa Limuru
Huku kwetu Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hivyo balbu si anasa. Na mchana msimfungie dirishani mkidhani anaota jua. Kioo huzuia ile miale ya kujengea gamba.

Mwana wa Tudor
Nimetazama shingoni: pengo tu, kigamba hakuna. Friji imebaki ya mke wangu. Sanduku basi. Ila puani leo nimeona kama kipovu.

Nilirudi Nyumbani
Kipovu usikichezee. Akipumua mdomo wazi au akifura macho, ni daktari wa mifugo leo, si sanduku kesho. Mpaka umfikishe, mweke pakavu pasipo upepo, hapo balbu ya Fundi ina kazi.

Jambo jingine: huyu ni mnyama wa pori kisheria, kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Jirani alikuwa nacho?

Mwana wa Tudor
Sijamuuliza, nampigia sasa. Naye kobe namtoa kwa daktari baada ya adhuhuri. Babu, mbao ninazo, mlango niuelekeze wapi?

Babu wa Mji wa Kale
Kaskazini. Kusi itampiga mgongoni mwa sanduku, na miezi hii jua la mchana liko upande huo.