Tupeane uzoefu: uso wa mfarishi wa nyota ukishakamilika, mnaushona vipi?

Mtoa mada: Assalaam alaykum wenzangu. Uso wa mfarishi wangu umekwisha: nyota moja kubwa ya pembe nane, viraka vya kanga nyekundu na nyeusi, pembeni kitambaa cheupe. Pamba nyembamba ya kutia kati ninayo, bitana ni doti nzima ya kanga niliyoiunga. Sasa nifuate mshono wa viraka, nipige mistari ya mshazari, au nizungushe tu mizunguko juu ya mfarishi mzima? Ni zawadi ya harusi, kwa hiyo msiniambie yoyote sawa.

Fundi wa Darajani: Wa alaykumu salaam. Utandaze sakafuni kwanza, utazame katikati. Vile vipande vya nyota hukatwa kwa digrii 45, kitambaa kimekaa upogo, kinavutika hata kwa pasi. Ncha nane zikikutana pale kati huinuka kama mwavuli. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kutoka katikati kwenda nje, karibu karibu, usianze pembeni, maana ziada yote utaisukumia kati. Halafu cherehani ipite mle mle kwenye mshono wa viraka. Mshono huo hauonekani, lakini ndio unaoshika. Kanga umezifua, zikatoka dondo? Nyekundu mpya ikichuja kwenye nyeupe, hapana mshono utakaokuokoa.

Bi Mkubwa, Wete: Mimi wangu niliushona kwa mkono, mwanangu. Sisi tumekua barazani na kofia mapajani, sindano haitutishi. Ndani ya nyota sikugusa kitu ila mishono ya viraka. Kwenye nyeupe nikaufuata ukingo wa nyota, mstari mmoja nje ya mwingine, nafasi ya kidole gumba, nachora kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Uzi mweupe juu ya nyeupe. Ile nyeupe ikanywea, nyota ikatuna yenyewe. Ulinichukua kusi nzima.

Shangazi wa Mkoani: Kwa mkono? Bi harusi atapata wajukuu kwanza 😂

Ummu Salma: Mimi wangu wa kwanza niliuona mzito, nikafunga vifundo vya uzi mnene kila makutano ya viraka. Kazi ya jioni chache, na mfarishi unabaki mlaini. Lakini soma karatasi ya pamba, imeandikwa mishono isiachane kiasi gani. Ukiachia sana, ukifuliwa pamba inakusanyika mabonge. Na jamani, joto letu hili! Mishono ikisongamana mfarishi unakakamaa kama jamvi. Wangu wa pili sikutia pamba kabisa, nilitia flaneli.

Niko Marekani: Huku Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, humpa mtu mfarishi wa nyota kumpa heshima, kwenye harusi, hata msibani. Hoja ya Bi Mkubwa naiunga mkono: mizunguko ya cherehani juu ya nyota nzima inaua zile pembe, jicho linafuata uzi badala ya rangi.

Fundi wa Darajani: Hapo sawa. Na angalia jina la kanga huko chini, lisiliwe na pindo.

Mtoa mada: Basi nyota kwa cherehani, nyeupe kwa mkono. Shangazi, utakuja kunisaidia. Kwenye viraka vyeusi uzi gani?

Bi Mkubwa, Wete: Mweusi juu, bobini rangi ya bitana. Jaribia kwenye kipande kwanza, usije ukaona vidoa vyeusi upande wa pili.

Shangazi wa Mkoani: Nije na chai au mnayo?