Je, tuliobaki na kadhi tumewazidi waliomwondoa?

Ndugu yetu wa Malindi aliyefungua mjadala huu amedai kwamba Misri na Tunisia, zilipozifuta mahakama za kisharia mwaka 1956, ziliitupa sharia ya Kiislamu, ilhali sisi wa Mwambao, tulio wachache nchini Kenya, tumeihifadhi. Mimi niliye Lamu sikubaliani naye, ingawa naelewa kwa nini hoja hiyo hupendeza barazani.

Mahakama na sheria ni vitu viwili. Serikali ya Misri ya Gamal Abdel Nasser, kwa sheria namba 462 ya mwaka 1955, ilizihamishia kesi za ndoa na talaka katika mahakama za taifa, lakini hakimu wa huko aliendelea kuhukumu kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu kama walivyoifafanua wanazuoni, hasa ya madhehebu ya Hanafi. Tunisia ya Habib Bourguiba ilikwenda mbali zaidi: sheria ya familia ya tarehe 13 Agosti 1956 ilipiga marufuku mitala na haikuitambua talaka ila iliyotolewa mahakamani, hata hivyo mirathi iliachwa ifuate mafungu ya Qur'ani. Kuzitia nchi hizo kapu moja na Uturuki, iliyochukua sheria ya kiraia ya Uswisi mwaka 1926, si haki.

Na kadhi wetu je? Alibaki kwa maafikiano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kuhusu ukanda wa maili kumi wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na leo ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inamfunga kwenye hadhi ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama yake. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu, au makadhi wawili, huketi kumshauri jaji. Neno la mwisho ni la jaji, awe Mwislamu au asiwe. (Hili barazani halitajwi.)

Linalonisumbua zaidi ni kwamba hatuna sheria ya ndoa ya Kiislamu iliyoandikwa kifungu kwa kifungu, kama Mudawwana, sheria ya familia ya Morocco iliyorekebishwa mwaka 2004, hata mwanamke anayedai masurufu au khului (talaka anayoiomba mke kwa kumrudishia mume mahari) ajue mapema haki yake ni ipi badala ya kungojea rai ya kadhi aliyempata. Ningependa iandikwe. Lakini wa kuipitisha ni Bunge ambalo wengi wake si Waislamu, na hapo, ndugu yangu, ndipo nami ninaposita.