Sanaa za kuona kwenye chuo cha sanaa huria, saa za studio zinatosha kweli?

MkaaNaKaratasi
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana siku za kujibu zinakwisha. Nimepata chuo kidogo cha sanaa huria huko Marekani, yaani unasoma masomo mengi ya kila aina pamoja na somo lako kuu, miaka 4, digrii ni BA, na meja (hilo somo kuu) nataka iwe sanaa za kuona, hasa uchoraji na uchapaji wa picha, ule wa kuchonga kibao na kukichapa kwenye karatasi. Ufadhili wamenipa mzuri. Sasa nimekaa nikapiga hesabu nikakuta katika kozi 32 za kuhitimu kama 11 tu hivi ndo za sanaa na humo humo wameingiza historia ya sanaa, zilizobaki ni bayolojia, falsafa, lugha, takwimu. Rafiki yangu yeye anaenda chuo cha sanaa tupu, digrii ya BFA ambayo sehemu kubwa ni sanaa yenyewe, studio asubuhi mpaka usiku. Naogopa nitamaliza najua kidogo kidogo kila kitu na mkono wangu haujaiva. Nachora tangu mtoto na hili kwangu sio jambo dogo. Aliyepitia anisaidie.

RangiMbichi
Mdogo wangu hongera kwanza. Mimi nimesoma BA hiyo hiyo, na hesabu yako iko sawa, BA sanaa huwa kama theluthi ya masomo hivi, BFA inakaribia theluthi mbili. Ila kozi za kwenye karatasi hazikuonyeshi kila kitu. Kipindi cha studio kinaisha, kazi yenyewe unaifanya usiku, kwa hiyo waulize studio inafungwa saa ngapi na kama mwaka wa 4 unapewa chumba chako cha kufanyia kazi ya kuhitimu. Vingi vya vyuo hivi havina wanafunzi wa masters wa sanaa, mashine ya kuchapia hugombanii na mtu na profesa anakufundisha mwenyewe.

Swali kubwa zaidi ni hili na mimi sikuliuliza: uchapaji unafundishwa na walimu wangapi na unatolewa kila lini? Kwetu alikuwa mmoja tu, akaenda likizo ya utafiti mwaka wangu wa 3, basi mwaka mzima hakuna uchapaji, mashine imefunikwa nailoni. Iliniuma sana ile.

Halafu hizo kozi nyingine kama 20 zisizo za sanaa usizione kama kodi ya kulipa tu. Mimi nilichukua botania kwa kulazimishwa, mwalimu akawa anatuchoresha tunachokiona kwenye darubini, ukichora jani unalolijua kichwani anakurudishia karatasi. Kazi yangu ya kuhitimu ilitoka pale, vibao vya mbao nilivyochonga mishipa ya majani, na hakuna mwalimu wa kuchora aliyewahi kunibana vile.

Patasi
Nimesoma BFA, naomba nipingane kidogo na RangiMbichi. Mwaka wa kwanza wote tulikuwa tunachora vitu vilivyo mbele yetu, rangi, maumbo, kuchora tena, na pembeni yako kuna watu ambao usiku wa manane bado wako kwenye kanvasi. Hiyo inakusukuma kuliko mwalimu yeyote. Kwenye chuo kidogo meja ya sanaa inaweza kuwa na watu wachache mno mwaka mmoja, wote marafiki, kikao cha kukosoa kazi kinageuka kusifiana. Ukienda huko tafuta mtu wa kukukosoa kwa ukali, ikibidi chukua muhula mmoja kwenye shule ya sanaa, vyuo vingi vinaruhusu. Kuna pia mipango ya digrii mbili ya miaka 5 kama ya chuo kikuu cha Brown na shule ya sanaa ya RISD huko Rhode Island, ila kuingia ni kazi. Na kama baadaye unataka kufundisha studio chuo kikuu utahitaji MFA, yaani masters ya sanaa, na huko mwenye BA anapokelewa, wanatazama potifolio (mkusanyo wa kazi zako) kwanza.

KitanziChaWaya
Ongezeni na historia jamani. Black Mountain College, North Carolina, 1933 mpaka 1957, kilikuwa chuo cha sanaa huria na mchoraji Josef Albers aliwafundisha kuchora hata wasiokuwa na mpango wa kuwa wasanii, wanakunja karatasi, wanalinganisha rangi, na kazi za shamba juu. Mchongaji Ruth Asawa alisoma pale, na ile kazi yake ya kusuka waya aliipata mwaka 1947 akiwa Mexico, kwa watu waliokuwa wanatengeneza vikapu vya waya, sio darasani. Mchoraji Helen Frankenthaler alimaliza Bennington, chuo kingine cha sanaa huria, 1949. Chuo cha Oberlin nao tangu 1940 wanawakodishia wanafunzi kazi halisi za sanaa kutoka makumbusho yao, unaitundika chumbani muhula mzima. Mimi kuishi na picha moja miezi kadhaa nakuhesabu kama kozi kabisa.

Daftari
Mambo ya karatasi tu: waulize kama ufadhili unafika kwenye vifaa, karatasi za kuchapia na rangi zinakula hela. Na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, baada ya kuhitimu inakupa OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, ya miezi 12, ile nyongeza ya miezi 24 ni ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), uchoraji haumo.

MkaaNaKaratasi
Asanteni sana sana. Nimewaandikia idara na wamenijibu leo: studio unaingia kwa kadi hata usiku wa manane, mwaka wa 4 chumba kipo, uchapaji kila muhula wa kwanza ila mwalimu mmoja tu, na kweli ana likizo mwaka wangu wa 3! Kwa hiyo nitauchukua mapema, mwaka wa 1 na wa 2, na huo wa 3 ndo naomba muhula kwenye shule ya sanaa kama alivyosema Patasi. Nimewajibu nakuja. RangiMbichi, vile vibao vya majani bado unavyo? Natamani kuviona.

RangiMbichi
Ninavyo vyote. Kesho asubuhi mwanga ukiwa mzuri navipiga picha naweka hapa, na chapa zake.